Miaka Saba kwenye Mkia wa Joka la Mzee Hamada

Jumapili iliyopita mmoja wenu aliweka chini mti wa kubebea joka letu la kitambaa katikati ya mazoezi, akajifuta mikono kwenye jinzi, akaniuliza, "Kwani bhuti, kaka Shomari, sisi Wajapani?" Jina lake silitaji, mama yake tunakaa naye jengo moja na mkono wake naujua. Wengine mkacheka. Mwingine akadakia, "Hata siyo Wajapani, joka ni la Wachina." Mkacheka tena.

Mimi nikawarudisha kwenye miti. Mnanijua, nisipotania kuna kitu kinachemka. Siku nne sasa swali hilo linaniwasha kama lebo ya shati shingoni. Ndiyo maana nimechukua daftari nikaandika, na nimeandika Kiswahili makusudi. Asiyejua kukisoma amwombe mama yake amsomee, wote wawili waaibike kidogo, itawasaidia.

Kwanza mjue mnaongea na mstaafu. Ndiyo, nina miaka ishirini na saba. Nimestaafu. Bega langu la kulia liko chini ya la kushoto, mkitaka ushahidi tazameni begi langu la chaja linavyoteleza kila siku pale Marshalltown, hapa Johannesburg, nikiuza. Nilibeba mkia wa joka miaka saba, nikafanya kazi siku moja. Sijakosea hesabu. La saba nilimaliza kulekule Ujiji, na kuhesabu ndicho kitu pekee walichofanikiwa kunifundisha. Miaka saba ya mazoezi, siku moja ya kazi, na hiyo siku moja nusura tunyang'anywe.

Nitafika huko. Kwanza mikono yenu.

Mnashika mti kama mnafagia uwanja. Mti wa joka unakaa usawa wa kitovu, mkono mmoja juu, mmoja chini, viwiko viko karibu na mbavu. Usiutazame mwili wa joka hapo juu, hakuna anayekuuliza maoni. Tazama visigino vya aliye mbele yako. Kisigino kikigeuka, wewe umeshachelewa, kwa hiyo sikiliza ngoma, maana ngoma inageuka kabla ya kisigino. Kamba za viatu fundo mbili, halafu ncha zichomekwe ndani ya soksi. Mikononi paka unga wa ugali kidogo. Sabuni ya unga usiguse. Mimi niliwahi kupaka hiyo, nikatokwa jasho, mti ukanichomoka wakati kichwa cha joka kinazunguka kupita mkiani, ukampiga Kaka Kabwe kisogoni, na Kabwe ni mlinzi wa mlango wa klabu, kichwa chake kimeshapigwa na wataalamu. Aligeuka taratibu akaniambia, "Petit, mdogo yangu, leo nakusamehe juu ya Mungu." Hakusema lolote kuhusu kesho.

Sasa mjue nilivyoingia. Askari walikuwa wanafukuza wauza vitu barabarani, mimi na boksi langu la chaja nikajichomeka kwenye mlango wa kwanza uliokuwa wazi. Lilikuwa duka la kutengeneza cherehani. Ndani kulikuwa na mzee mfupi wa Kijapani, miwani kwenye paji la uso, kazungukwa na mama wa Kikongo watatu wanaomgombeza kuhusu sindano. Ndiye Mzee Hamada. Alinitazama, akatazama askari wanaopita nje, akanikabidhi mti mrefu.

"Shika hapa," akasema. "Beko nabona weye iko mufanyakazi." Yaani askari wanione mfanyakazi wake.

Kiswahili chake kilikuwa cha Lubumbashi, tena cha Lubumbashi chenye hasira, kwa sababu alijifunza kwa wateja wake wakati wanalalamika. Askari walipita. Mimi nikabaki nimeshika mti saa mbili nzima, maana yule mzee alianza kupima vitambaa juu yake na hakuniambia niuache. Nilipouliza ni wa nini, akasema, "Mukia."

Sijapata usingizi mzuri tangu siku hiyo, kwa sababu ya misuli.

Mzee Hamada ametokea Nagasaki, mji wa bandari huko Japani. Alikuja Afrika na makampuni ya mashine za kushona, kampuni ikaondoka, yeye akabaki. Kwao kila mwezi wa kumi kuna sikukuu kubwa ya hekalu, na mitaa inapokezana zamu. Mtaa wako ukicheza mwaka huu, unasubiri miaka saba ndiyo zamu irudi. Miaka saba. Mtoto anazaliwa, anaota meno, yanang'oka, anaota mengine, ndipo mnacheza tena. Mtaa wa Mzee Hamada unacheza joka: mita ishirini, watu kumi kwenye miti kumi, na mwingine mbele anakimbia na mpira wa dhahabu kwenye fimbo. Joka linaufukuza mpira na haliupati. Kuna tarumbeta ndefu inayolia kama joka, kuna kengele, kuna ngoma.

Yeye mwenyewe alikuwa amekosa zamu nne za mtaa wake akiwa hapa anafungua mashine za watu. Ya tano ilikuwa inakuja. Nyonga yake ilikuwa mbovu, daktari alishamkataza ndege ndefu. Akaamua kwamba mwaka wa zamu, mwezi wa kumi, joka litatoka. Kama yeye hawezi kwenda kwenye zamu, zamu itamfuata Johannesburg. Na hesabu ya zamu itakayofuata hiyo nilimfanyia mimi: angekuwa na miaka themanini na saba. Alinitazama akasema, "Shomari, hesabu yako iko muzuri, kinywa chako iko mubaya."

Hiyo ndiyo kazi tuliyoifanya, Jumapili saa tatu asubuhi, kwenye ghorofa ya juu ya maegesho ya magari, miaka saba. Wabebaji kumi: Wakongo watano, Warundi wawili, Kaka Sipho wa Soweto, Mzimbabwe mmoja, na mimi mwisho kabisa, mbali na mwenye mpira. Kabwe kichwani kwa sababu ya shingo. Mimi mkiani kwa sababu ya dhambi zangu. Kichwa kikipiga hatua moja pembeni, mkia unakimbia nane. Kichwa kinapigwa picha, mkia unapigwa na upepo. Mkisikia mtu anasema mkia ni nafasi ya mtoto mdogo, mleteni kwangu.

Sasa ninawaambia jambo la aibu, na anayecheka atakimbia ngazi.

Mwaka wa kwanza, tulipomaliza zoezi letu la kwanza zima, Mzee Hamada alikuwa amealika rafiki zake wanne, wazee wa Kijapani, waje watazame. Tukacheza, tukaondoka kuelekea kwenye ngazi kama tulivyofundishwa. Wale wazee wakasimama wote pamoja, wakaanza kupiga kelele kwa nguvu, wanatunyooshea mikono, uso umewaiva.

Tulitupa joka chini tukakimbia.

Wote kumi. Ghorofa sita. Kabwe, mlinzi, baunsa, alikuwa wa kwanza kufika chini, na hata Kaka Sipho ambaye ni mwenyeji alikimbia, baadaye akasema aliona sisi tunakimbia akajua tunajua kitu. Nyie mmezaliwa hapa, au mmekuja mnanyonya, labda hamwelewi. Sisi kelele ya watu wengi pamoja tuliijua maana yake. Mgeni mwenye duka Soweto ameshaisikia, wanapokuja kumfukuza. Hukai kuuliza wanasemaje. Unakimbia, utauliza ukifika.

Mzee Hamada alitukuta kwenye kona, tunahema nyuma ya gari la mikate. Aliteremka ghorofa sita na ile nyonga. Nilidhani atatupiga kwa mwavuli wake. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona munakimbia?"

"Mzee, wanatufukuza," Kabwe akasema.

Akakaa chini pale pale kwenye ukingo wa barabara. Akatueleza polepole kwamba kwao, joka likiwa limeshaondoka na watu wamelipenda, wanapiga kelele lirudishwe. Na wabebaji hawana ruhusa ya kukataa. Hata kama mguu umeteguka, hata kama umeshavua kofia, ukiitwa unageuka na kurudi mbio. "Ile kelele," akasema, "ni kwa sababu banapenda."

Mrundi mmoja akasema, "Mzee, hiyo kelele utuzoeshe taratibu." Na kweli alituzoesha. Kila Jumapili mwisho wa zoezi anasimama peke yake na sauti yake ya kukoroma, anatuita, sisi tunageuka. Miaka saba, na mimi kila mara, kabla sijageuka, mguu wangu wa kushoto ulianza kwanza kuelekea kwenye ngazi.

Turudi kwa muuliza swali na mwenzake wa Wachina.

Umesema joka ni la Wachina. Hongera, umegundua kitu ambacho Nagasaki wanakijua miaka na miaka. Wachina walikuja na meli kufanya biashara, wakakaa mtaani, wakawafundisha majirani kucheza joka. Majirani wakacheza mpaka leo. Mtaa mwingine unaburuta meli ya Kiholanzi yenye magurudumu, wanaizungusha kwa kamba, kwa sababu Waholanzi nao walikuja. Tena hao Waholanzi walifungiwa kwenye kakisiwa, kadaraja kamoja, mlinzi getini, hawaruhusiwi kuzurura mjini bila kibali. Mzee alipotusimulia hilo, tulitazamana wote wenye makaratasi ya kibali yaliyokunjwa kwenye soksi. Kabwe akauliza, "Na foleni ya kibali ilikuwa inaanza saa ngapi?"

Kwa hiyo sikukuu nzima ya wenyeji, mbele ya hekalu lao wenyewe, imeshonwa kwa vitu vya wageni. Na hakuna aliyekufa.

Ndipo naingia kwenye tumbo la joka. Mwaka wa tatu kitambaa cha tumbo kilichanika chote, na kile cha Kijapani hakikupatikana. Mama Furaha, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, ambaye nyie mnamjua kama mpiga kengele anayewazaba makofi watoto wasio wake, akaleta kitenge. Cha rangi ya machungwa, kina picha za feni. Feni za mezani, mnaelewa. Akakishona mita zote ishirini kwa wiki mbili. Tulipokiinua juani, joka letu likawa na feni tumboni kuanzia shingo hadi mkia. Mzee Hamada akalizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Mama Furaha. Hii ni nini?"

"Ni feni, papa. Joka hatasikia joto."

Alicheka hadi akashika ukuta. Halafu akasema, "Iko muzuri. Na sisi tulifanyaka vile." Likapita.

Sasa siku yenyewe.

Kulikuwa na siku ya tamaduni, hapa mjini Braamfontein, mwezi wa kumi wa mwaka wa zamu, jukwaa na mahema ya vyakula. Mzee Hamada aliandikisha joka mapema. Tukafika asubuhi tumevaa nguo zetu, kofia zetu, miti imepakwa unga. Akaja dada wa kamati, kadi shingoni, kishikwambi mkononi. Akatabasamu kwa Mzee. Kisha akatutazama sisi, kuanzia Kabwe mpaka kwangu, tabasamu likapungua mtu kwa mtu. Lilipofika mkiani lilikuwa limekwisha.

"Hawa ndio wachezaji?"

"Ndiyo," Mzee akasema.

"Tulitegemea kitu halisi zaidi, mzee wangu. Wageni wa heshima wamekuja kuiona Japani." Akainama akaona tumbo. "Na hizi... ni feni?"

Mama Furaha akasema, "Ni feni, dada. Hata weye unaona."

Dada wa kamati akasema hakuna tatizo, wameshafikiria. Kuna vijana wa klabu ya karate, wana nguo nyeupe safi, wao watabeba. Tumbo litafunikwa kitambaa cheusi. Na sisi tunaombwa tusaidie kulifikisha nyuma ya jukwaa, kwa sababu ni zito.

Nataka mlisikie hilo vizuri. Uzito wake ulikuwa wetu. Kucheza kukawa kwa wengine.

Mzee Hamada alijaribu. Nilimwona anaacha Kiingereza chake kizuri na kutafuta maneno. Akaeleza Wachina, akaeleza meli, akaeleza kwamba kwao kitu halisi ndicho hicho, cha kuchanganya. Dada akasema, "Hiyo ni historia, mzee wangu. Leo watu wanataka utamaduni tu." Akatazama saa. "Au tuliondoe kwenye ratiba?"

Mzee alituangalia. Angekataa, joka lisingetoka, zamu ingepita. Aliinamisha kichwa, akatoa mkono kwa wale vijana wa karate waje. Mimi nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Ni mara ya pekee nimewahi kutafuta nikakosa.

Siwalaumu wale vijana. Waliambiwa shikeni, wakashika, kama mnavyofagia nyie. Kichwa kikaenda kushoto, kiuno kikaenda kulia, mkia ukasimama kusubiri maelekezo. Kijana wao wa mpira akageuka kuwaona, joka likaukamata mpira, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu dunia iumbwe, na halikujua liufanye nini. Mkia ukafagia meza ya sambusa. Kitambaa cheusi kikashuka kama suruali isiyo na mkanda, feni zote zikaonekana. Watu wakacheka. Mtangazaji naye akacheka, akasema asanteni Japani, sasa tunaendelea na mapishi.

Walilitua nyuma ya jukwaa, jicho moja limechomoka. Mzee Hamada alikaa juu ya boksi la kofia. Akavua miwani. Hakulia, msije mkasema nimesema alilia. Alikuwa anaifuta tu miwani, muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Kabwe akalitazama joka. Akakitoa kitambaa cheusi chote, akakitupa. Akashika mti wa kichwa. Hakusema neno. Sipho akashika wa pili. Mwenye mpira wetu akachukua fimbo yake, wa tatu, wa nne, ikaja hivyo hadi kwangu, na mimi nikapaka unga. Mama Furaha alikuwa ameshazunguka mbele, kati ya watu, na kengele yake chini ya khanga. Akaigonga.

Tukatoka mbio.

Mpishi alikuwa ameshashika kisu, akarudi nyuma. Wadogo zangu, tulicheza. Joka la jicho moja, tumbo la feni, lilipanda, likajizungusha, likaupitia mwili wake lenyewe kama uzi kwenye sindano, na mpira ulikuwa mbele kwa unene wa kidole, halikuupata. Niliruka hatua nane kwa kila moja ya Kabwe na sikukosa hata moja. Sikuona mtu. Niliona visigino.

Dada wa kamati alileta walinzi. Walinzi wakamwona Kabwe. "Sharp, Kabwe," mmoja akamsalimia kwa sauti ndogo, halafu kwa sauti kubwa akatuambia tutoke. Tulishamaliza. Tukaondoka kwa utaratibu, kichwa kwanza, mkia mwisho, tukafika nyuma ya uzio.

Ndipo kelele ilipoanza.

Kwanza sauti moja ya kukoroma. Mzee Hamada, amesimama juu ya lile boksi na nyonga yake, anatuita kwa maneno ya kwao. Peke yake. Halafu bibi mmoja wa Soweto aliyekaa mbele na kiti chake cha kukunja akaelewa, akapiga kelele, "Buyisa!" yaani rudisha. Akaitikia wa pili. Kikafuata kiwanja kizima, wanafunzi, wauza sambusa, wote wamesimama, wanatunyooshea mikono, uso umewaiva. Sauti ileile. Johannesburg ileile.

Mguu wangu wa kushoto ukaanza kuelekea getini. Nimewaambia, ndivyo nilivyo. Aliyekuwa mbele yangu, Mrundi, naye visigino vyake vikageuka kwenda getini, nikaviona. Akanitazama juu ya bega. Nikamtazama. Hakuna aliyekuwa anatufukuza.

Nikapiga kelele mimi kutoka mkiani, jambo ambalo mkia hauruhusiwi, "Geukeni, tunaitwa." Tukarudi mbio tukiielekea ile kelele. Mara yangu ya kwanza katika mji huu. Kwenye mzunguko wa pili bega likatoka mahali pake, nikalisikia, nikamaliza na mkono mmoja. Walituita tena. Tukarudi tena.

Nyuma ya jukwaa Mzee Hamada alikuja moja kwa moja kwangu. Nikajua sasa nasifiwa. Akanishika bega, lile bovu, akasema, "Mukia ilichelewa." Kisha akaenda kutafuta jicho la joka kwenye sambusa.

Dada wa kamati alituandikia baadaye kwamba tumekiuka ratiba, tusirudi. Barua ipo, imebandikwa dukani juu ya cherehani mbovu, mkasome. Mzee bado yupo, bado ananuna, na amesema zamu ijayo atakuwepo, afike na miaka themanini na saba au asifike, shauri la hesabu yangu. Imebaki miaka sita. Ndiyo sababu mnaamshwa Jumapili.

Kwa hiyo siyo, sisi siyo Wajapani. Na wao siyo Wachina. Wewe uliyezaliwa hapa na bado unaulizwa umetoka wapi, ndiye ulipaswa kuwa wa mwisho kuniuliza swali hilo.

Jumapili saa tatu, juu ya maegesho. Fundo mbili, ncha ndani ya soksi. Na aliyeuliza awahi dakika kumi kabla ya wenzake. Ataanza kushika mkia.